Darasa la Ramadhani, Siku ya 15: Shona Palipochanika



Alhamdulillah, tumefika nusu. Leo ni funga ya 15, tupo katikati ya kumi la pili, lile ambalo wengi tumezoea kuliita kumi la maghfira. Jana baada ya tarawehe nilipita Mwigobero kumjulia hali jamaa yangu. Mwezi umejaa, ziwa linang'aa kama sinia, na mitumbwi ya dagaa imelala mchangani. Wa huku kwetu mnajua sababu. Dagaa anavuliwa kwa taa. Giza likiwepo anaifuata taa, lakini mbalamwezi ikitanda taa inakosa nguvu, na ukienda ziwani unarudi na hasara ya mafuta. Kwa hiyo siku za mwezi mpevu wavuvi wanabaki nchi kavu.

Lakini hawakai bure. Pita pale asubuhi utawaona wamenyoosha miguu mchangani, nyavu imelala mapajani, wanatafuta matundu na kuyashona. Siku zisizo na samaki ndizo siku za kushona. Darasa letu la leo limetoka hapo.

*Tatizo lenyewe*

Tangu Ramadhani ianze, watu kadhaa wamenijia baada ya swala au wameniandikia faragha. Sitataja yeyote, na nimebadilisha baadhi ya mambo ili asijulikane mtu. Kuna baba aliyeweka shamba rehani kwa mkopo wa kausha damu, shamba likaenda. Kuna dada ambaye ndoa yake imevunjika, na anaamini yeye ndiye aliyeivunja kwa ulimi wake. Kuna kijana aliyepewa ada ya chuo na wazazi, akaimalizia kwenye mikeka ya kubeti. Kuna binti aliyepata sifuri kidato cha nne, mwaka wa pili huu hatoki ndani.

Wote wameniuliza swali moja kwa maneno tofauti: "Ustadhi, Allah najua anasamehe. Ila mimi mwenyewe siwezi kujisamehe. Nifanyeje?"

Kwanza tutenganishe mambo. Kufeli mtihani si dhambi. Biashara kufa si dhambi. Wewe binti, huna cha kuombea toba pale, una cha kuanza upya tu. Kubeti na kula amana ni dhambi, na hatutaiita jina lingine. Lakini wote wanne wanafanana kwa jambo moja: wamejifungia na hasara yao, wanajipiga kila siku, na wanadhani huko kujipiga ndiyo toba.

Mimi naujua ugonjwa huo. Niliwahi kuumwa.

*Bati za madrasa*

Miaka kumi na kadhaa iliyopita nilikuwa mwalimu wa madrasa moja hapa mkoani. Wazazi walichanga shilingi 860,000 za bati, pesa ikakaa kwangu. Nikaona dagaa wako bei nzuri mwalo mmoja wa upande wa Bunda. Nikajiambia, nizungushe mara moja tu, nirudishe pesa na faida juu, nani atajua? Nikanunua magunia, nikamwaga dagaa juani wakauke zaidi kabla ya kusafirisha. Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Anayewajua dagaa anajua yaliyobaki. Wakaoza, wakaenda kwa bei ya chakula cha kuku. Niliambulia nauli na aibu.

Sikumwambia mtu. Nikaanza kufunga Jumatatu na Alhamisi, nikaongeza rakaa usiku, nikaacha kula nyama nyumbani kama mtu anayejiadhibu. Msikitini nikahamia safu ya nyuma kabisa. Mwishowe Alfajiri nikawa nasali nyumbani, kwa sababu siwezi kumtazama usoni mzazi yeyote. Mama watoto aliniuliza kama naumwa, nikamjibu ni uchovu.

Aliyenifungua alikuwa mzee mmoja, mvuvi wa zamani. Nilimkuta anashona nyavu, nikamwamkia, akanikaribisha kwenye kivuli chake. Hakuniuliza kitu. Baada ya muda akasema:

"Ustadhi, nyavu ikichanika unaitupa?"

"Hapana mzee wangu, inashonwa."

"Unaishona wapi, palipochanika au palipo pazima?"

Nikacheka. "Palipochanika, mzee."

Hakucheka. "Sasa wewe naona unashona pazima. Umekonda kwa funga. Sijui umechana nini, wala sikuulizi. Ila naona sindano yako haijafika penye tundu."

Wallahi nililia pale pale mchangani. Alikuwa amesema kweli. Funga zile na rakaa zile ni ibada njema, lakini kwangu zilikuwa maficho. Tundu lilikuwa kwa wazazi, na kwa wazazi sikwenda. Nilikuwa radhi kuteseka mwaka mzima kuliko kusema sentensi moja mbele ya watu kumi na wawili.

Wiki ile niliisema. Nisiwadanganye, haikwenda kama kwenye visa vya kupendeza. Mama mmoja alinipa maneno makali, akamtoa mwanawe, na hakumrudisha mpaka leo. Ilikuwa haki yake. Wengine walinyamaza. Kamati ikaamua nilipe shilingi 50,000 kila mwezi, na ilinichukua miezi kumi na minane kumaliza. Lakini usiku wa siku ile niliposema, nililala. Miezi sikuwa nimelala vile.

*Nabii Musa alifanyaje?*

Turudi kwenye Qur'an. Fungua Surat Al-Qasas, soma aya ya 15 mpaka 28 leo hii kwa utulivu.

Musa (a.s.), kabla hajapewa utume, aliingia mjini akakuta watu wawili wanapigana. Mmoja wa kabila lake akamwomba msaada. Akampiga yule mwingine ngumi moja, mtu akafa. Hakukusudia kuua, lakini roho imetoka.

Tazama alichofanya. Hakusema yule mtu alistahili. Hakusema amelazimishwa. Alikiri mbele ya Mola wake kwamba ameidhulumu nafsi yake, akaomba asamehewe, na Allah akamsamehe. Yote hayo yamo ndani ya aya moja, ya 16. Na mara baada ya hapo, aya ya 17, anatoa ahadi: kwa neema aliyopewa, hatakuwa tena msaidizi wa wakosaji. Yaani msamaha alioupokea aliugeuza kuwa azimio la namna ya kuishi.

Halafu soma aya ya 18. Asubuhi yake yumo mjini, ana hofu, anatazama huku na huku. Amesamehewa, lakini bado anaogopa! Hapa ndipo wengi tunapojikwaa. Tunadhani ukisamehewa moyo unatulia siku hiyo hiyo, na usipotulia basi hukusamehewa. Sivyo. Msamaha ni hukumu ya Allah, utulivu wa moyo ni safari. Hofu iliyobaki si ushahidi kwamba toba yako imekataliwa.

Safari ya Musa ikampeleka Madyan. Kafika mkimbizi, hana nyumba wala kazi. Pale kisimani akawaona mabinti wawili wamezuia wanyama wao pembeni kwa sababu wachungaji wa kiume wamejaza nafasi. Angeweza kusema, "Mkono wangu huu juzi umeua mtu, mimi si wa kusaidia watu." Hakusema. Mkono ule ule uliopiga ngumi ndio ulioteka maji. Akawanywesheshea, kisha akaenda kivulini akamwambia Mola wake kwamba ni mhitaji wa kheri yoyote atakayoteremshiwa. Kheri ikaja siku hiyo hiyo: nyumba, mke, na kazi ya uchungaji kwa mkataba wa miaka 8, akipenda atimize 10. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba alitimiza ile mirefu zaidi.

Miaka kumi ya kuchunga! Usiione ni miaka iliyopotea. Hiyo ilikuwa mbalamwezi yake, siku za kushona nyavu.

Na kosa lake hakulifuta kwenye historia yake. Katika Surat Ash-Shu'araa, Allah anapomtuma kwa Firauni, Musa mwenyewe anataja kwamba watu wale wana kosa juu yake na anaogopa wasije wakamuua. Firauni naye akamkumbusha tendo lile mbele ya watu, kwa kumdhalilisha. Musa akajibu nini? Alikubali kwamba alilifanya, wakati ule akiwa miongoni mwa waliopotea njia, kisha akaendelea na ujumbe wake. Huo ndio mwisho wa kujisamehe, ndugu zangu: mtu analitaja kosa lako kukuvunja, nawe unasema, "Ndiyo, nililifanya," na sauti yako haitetemeki.

*Masharti hayabadiliki*

Isije mtu akatoka hapa anasema imamu kasema tujisamehe tu mambo yaishe. Imamu Nawawi katika Riyadhu Swalihina ameyaweka wazi. Kwa kosa lililo baina yako na Allah, masharti ni matatu: uliache, ulijutie, na uazimie kutolirudia. Kosa likigusa haki ya mja, linaongezeka la nne: uirudishe haki ya mwenyewe au uombe akuachie.

Kijana wa mikeka, sharti la nne ni lako. Wazazi wako waambie. Ukijisamehe deni la mtu mwingine umejipa kisicho chako. Na ukishatimiza hayo, kuendelea kujichukia hakukuongezei chochote. Surat Az-Zumar aya ya 53 inawaita wale hasa waliopindukia mipaka dhidi ya nafsi zao, na inawakataza kukata tamaa na rehema ya Allah. Sasa ikiwa Mwenye haki kafungua mlango, wewe ni nani uje kuukomea kwa ndani?

*Mfano wa jirani*

Watu wa Butiama wasidhani nimewasahau. Mwalimu Nyerere hakuwa wa dini yetu, na si kila alichoamua tunakubaliana nacho. Lakini hekima haina kabila. Mwaka 1972 serikali yake ilivunja serikali za mitaa, na mwaka 1976 ikavunja vyama vikuu vya ushirika. Wazee wa Bunda waliolima pamba wanajua ushirika ulikuwa nini kwa mkulima, na kuvunjwa kwake kuliuma vipi.

Aliye madarakani ana njia nyingi za kukwepa kosa. Anaweza kusingizia wasaidizi, au ukame, au mabeberu. Lakini mwaka 1977, Azimio la Arusha lilipotimiza miaka kumi, Mwalimu alitoa tathmini iliyohesabu mafanikio na kushindwa pamoja. Mwaka 1982 zikapitishwa sheria za kurudisha ushirika na serikali za mitaa. Na mwaka 1984, akiwa bado Rais, alisema waziwazi katika mahojiano kwamba kama angeanza upya, mambo mawili asingeyafanya, akayataja hayo hayo mawili.

Angalia mpangilio wake: sindano ilipelekwa kwenye tundu, na kosa likatajwa kwa jina lake. Kisha mwaka 1985 akaacha urais, akarudi Butiama, akashika jembe. Akashika na kalamu. Alikuwa mwalimu wa darasani kabla ya siasa, na mapenzi ya lugha hakuyaacha hata akiwa Ikulu: Julius Caesar ya Shakespeare aliitoa kwa Kiswahili mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Uzeeni akakaa akavitia vitabu vya Injili vya dini yake katika tenzi za Kiswahili. Mtu aliyetawala nchi zaidi ya miaka ishirini, na makosa yake ameshayakiri, bado alikuwa na kitu cha kutengeneza kwa mikono yake.

*Ni nini hicho mkononi mwako?*

Hapa ndipo tunafika kwenye ubunifu. Mtu akisikia ubunifu anawaza wasanii na wachoraji. Hebu tusome Surat Taha, aya ya 17 na 18. Allah anamuuliza Musa ana nini katika mkono wake wa kulia. Allah si mwenye kuhitaji kuambiwa. Musa anajibu kwamba ni fimbo yake, anaiegemea, anapukutishia majani kondoo wake, na ana matumizi mengine nayo. Fimbo ya mchungaji, chombo cha ile miaka ya Madyan, ndiyo iliyokuja kuwa muujiza mbele ya Firauni. Allah angeweza kumpa upanga wa dhahabu. Alianza na kilichokuwa mkononi.

Mimi baada ya kukiri nilikuwa na nini? Madrasa haina bati, watoto wamebaki kumi na mmoja, tunasoma chini ya mwembe, ubao hatuna na pesa ya vitabu hakuna. Nikakumbuka chuo cha ualimu: tulifundishwa kutengeneza zana za kufundishia kwa vitu vinavyopatikana hapo hapo. Nikaenda kwa yule mzee nikamwomba nyavu kuukuu isiyofaa tena ziwani. Nikaitundika baina ya matawi mawili. Nikakusanya maboksi ya sabuni dukani, nikakata vipande, nikaandika herufi, Alifu mpaka Yaa, nikavibana kwenye nyavu kwa vibanio vya nguo. Kila mtoto akawa "anavua" herufi anayoitaja mwenzake. Anayekosea anairudisha ziwani, anajaribu tena. Mtoto wa miaka mitano akajua herufi zote kwa wiki chache, bila kiboko.

Majirani wakaanza kusimama kutazama. Watoto wakaongezeka. Bati zilikuja baadaye sana. Nyavu ile ninayo mpaka leo, na nimeiona mara nyingi kuliko nilivyoiona ile hasara.

Kwa hiyo ukiniuliza ubunifu una kazi gani katika toba, nitakujibu hivi: kujuta kunatazama nyuma, na ni lazima. Lakini mtu hawezi kuishi shingo imegeuka. Ukianza kutengeneza kitu kwa kilichobaki, shingo inarudi mahali pake. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Wewe dada, cherehani ulilotoka nalo kwenye ndoa lipo kona ya chumba, limefunikwa kanga. Lifunue. Wewe baba, shamba limeenda, lakini ujuzi wa kuotesha miche haukuandikwa kwenye mkataba wa mkopo. Wewe binti, unaweza kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, au ukaenda VETA ukajifunza fani. Na wakati unasubiri, kuna watoto mtaani kwako hawajui kusoma, na wewe unajua.

Neno moja la tahadhari, nalisema kama ndugu. Kama uzito umefika mahali hulali, huli, au unapata mawazo ya kujidhuru, usibaki nalo peke yako. Mwambie mtu unayemwamini leo, na uende hospitali ukamwone daktari. Kutibiwa si upungufu wa imani.

*Kazi ya leo*

Baada ya tarawehe, kabla hujashika simu tena, kaa na karatasi dakika kumi.

1. Andika tundu liko wapi. Sentensi moja, bila kujitetea na bila kujitukana.

2. Jiulize: hili ni haki ya Allah, haki ya mja, au ni hasara tu isiyo dhambi? Kama ni haki ya mja, andika jina la mtu huyo na siku utakayomwendea. Isivuke Idi.

3. Andika vitu vitatu vilivyobaki mkononi mwako. Chombo, ujuzi, au hata muda. Chagua kimoja, ukianze kesho, hata kwa udogo wa kibanio cha nguo.

4. Karatasi ichane. Hiyo ni siri yako na Mola wako.

Na ninyi mliokosewa, nawaomba kitu. Mtu akikujia kukiri, si lazima umalize yote siku hiyo, na haki yako dai. Ila usimvunje. Safari ya kutoka safu ya nyuma kuja mpaka mlangoni kwako ni ndefu kuliko unavyodhani.

*Dua*

Ya Allah, Wewe ni Msamehevu. Tusamehe tuliyokosa kwako, utupe ujasiri wa kurudisha tuliyowakosea waja wako. Utuondolee aibu inayotuficha, utuachie haya inayotulinda. Bariki kidogo kilichobaki mikononi mwetu, kama ulivyoibariki fimbo ya mja wako Musa. Walinde wavuvi wetu watakaporudi ziwani giza likirejea. Aamin.

Kesho in shaa Allah tutaendelea na Surat Al-Qasas: kwa nini binti yule alimsifu Musa kwa mambo mawili, nguvu na uaminifu, na sifa hizo zinavyotufaa kwenye ajira zetu. Kama kuna mtu unamjua amehamia safu ya nyuma, mtumie ujumbe huu. Usimwongezee maneno.

Funga njema. Wassalaam alaykum warahmatullah.